Mnyama Kumla Mnyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maana ya Uwindaji katika Maumbile

Maswali yafuatayo huulizwa na watu wa kila aina: mwanafunzi wa falsafa, mtu wa dini, mpenzi wa wanyama, na hata yule aliyekuwa akitazama filamu ya wanyamapori akazima runinga kabla duma hajaifikia shingo ya swala. Majibu yana msimamo, na msimamo huo hautafichwa. Katika uwindaji wa wanyama mna maumivu ya kweli lakini hamna mkosaji, na makosa mengi ya kifikra katika mada hii hutokea pale mtu anaposhika moja kati ya mambo hayo mawili akaliacha jingine.

Uwindaji unaozungumziwa hapa ni upi?

Ni tendo la mnyama kumkamata mwingine aliye hai, kumuua na kumla. Kwa maana hiyo tai anayenyakua sungura ni mwindaji, na vivyo hivyo kerengende anayedaka mbu hewani, nyangumi anayemeza uduvi maelfu kwa mkupuo mmoja, na kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, anayemfunua kome mwambani kwa subira ya saa nyingi. Tumbusi anapokula mzoga hayumo, kwa kuwa hakuua, na kupe hayumo kwa kuwa hula pasipo kukusudia kumaliza uhai wa anayemnyonya. Hata hivyo mpaka hauko wazi kila mahali. Wako nyigu wanaotaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Mabuu huanguliwa humo na kumla kiwavi angali hai, yakiviacha viungo vya lazima hadi mwisho ili nyama isiharibike mapema. Nyigu huyo ni nusu mwindaji na nusu kimelea, nasi tutamrudia, kwa sababu amewasumbua wanafikra kuliko simba.

Jambo lenyewe ni la kale mno. Katika maganda madogo ya kiumbe wa baharini aitwaye Cloudina, aliyeishi yapata miaka milioni 550 iliyopita, wataalamu wamekuta matundu yaliyotobolewa na kiumbe mwingine. Kuliwa, basi, kulikuwapo tangu wanyama walipoanza kujijengea maganda, na huenda ndiko kulikowafanya wayajenge. Mtu anayeuona uwindaji kuwa hitilafu iliyoingia duniani baadaye ana kazi kubwa ya kueleza ulimwengu wa wanyama ulikuwaje kabla ya hitilafu hiyo.

Je, simba anapomuua swala anatenda kosa?

Hapana. Ili tendo liitwe kosa, mtendaji hana budi kuwa na uwezo wa kuelewa kwamba tendo lina ubaya, awe na njia nyingine ya kufuata, na aweze kuulizwa akajibu. Simba hana hata moja kati ya hayo. Njia nyingine hana hata kimwili, kwa maana wanyama wa jamii ya paka hawajitengenezei taurini ya kutosha, kemikali ambayo wakiikosa macho na moyo wao huharibika, na wala hawawezi kuigeuza rangi ya manjano ya mimea kuwa vitamini A kama tuwezavyo sisi. Kumwambia simba ale majani ni sawa na kumwambia afe polepole.

Mmarekani Tom Regan, mmoja wa watetezi wakubwa wa haki za wanyama, alifikia hitimisho hilohilo mwaka 1983. Kwake, haki huvunjwa na yule tu aliye na wajibu, na kwa kuwa mbwa mwitu hana wajibu wa kimaadili, kondoo aliyeliwa amedhurika lakini hakudhulumiwa. Tofauti kati ya kudhurika na kudhulumiwa inafaa kushikwa vizuri, kwa kuwa itahitajika katika kila jibu linalofuata. Wapo wanaoona kwamba Regan alijiepusha na tatizo kirahisi: mtoto mdogo aliyeshika bunduki naye hana hatia, lakini hatumwachi apige risasi. Hoja hiyo ni nzito na imejibiwa mbele, kwenye swali la wajibu wetu.

Lugha nayo hutupotosha. Mtazame mjusi kafiri ukutani karibu na taa usiku. Ametulia, kichwa amekiinamisha kidogo, na ncha ya mkia ndiyo pekee inayocheza. Nondo anatua umbali wa kiganja. Mjusi anasogea hatua mbili, anasimama, anasogea tena, kisha kufumba na kufumbua nondo yumo kinywani, bawa moja likipapatika nje. Anambamiza ukutani mara mbili, anammeza kwa mikupuo mifupi, analamba jicho lake kwa ulimi na kurudi pale alipokuwa. Ukimchunguza huoni chuki wala furaha ya ushindi. Ukafiri tulimpa sisi, kama tulivyompa fisi ulafi na nyoka hila, nazo ni hukumu zilizokatwa pasipo kesi kusikilizwa.

Kwa nini basi tunamhurumia swala na kumchukia anayemla?

Mara nyingi hutegemea ni nani tuliyetangulia kujulishwa. Filamu ikianza na watoto wa duma waliokonda, mtazamaji huomba mama yao apate. Ikianza na mtoto wa swala anayejifunza kusimama, mtazamaji yuleyule huomba duma ajikwae. Huruma zote mbili ni za haki, kwa sababu kila mmoja wa wanyama hao ana maisha yanayoweza kumwendea vyema au vibaya, ila hatuwezi kuzitimiza zote kwa wakati mmoja. Wala mwindaji si mshindi wa kila siku. Simba hukosa mara nyingi kuliko anavyopata, na watoto wa simba hufa kwa njaa. Kerengende ndiye hukosa kwa nadra sana, lakini sijapata kumsikia mtu akimlilia mbu.

Windo huhisi maumivu, au tunalibebesha hisia zetu?

Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa Descartes alifundisha kwamba mwili wa mnyama ni kama mashine, na wapo waliomfuata hadi wakakichukulia kilio cha mbwa kama mlio wa gurudumu lisilotiwa mafuta. Leo ni wachache wanaosimama hapo. Tarehe 7 Julai 2012, kundi la wataalamu wa ubongo lilitia saini huko Cambridge tamko kwamba mamalia wote, ndege, na viumbe wengine akiwemo pweza, wana mifumo ya neva inayoweza kuzaa ufahamu. Kwa wadudu mambo bado hayajaamuliwa, lakini kwa swala hakuna tena sababu nzuri ya kusitasita.

Lililo gumu zaidi ni kiasi cha maumivu katika dakika yenyewe. Mmisionari David Livingstone alikamatwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Simba alimshika begani, akamtikisa na kuuvunja mfupa wa mkono wake. Baadaye aliandika kwamba aliingiwa na hali kama ya ndoto, akayajua yote yaliyokuwa yakitendeka ila hakusikia maumivu wala hofu, mfano wa mgonjwa aliyelazwa kwa klorofomu, dawa ya usingizi, akabaki anaona upasuaji bila kuhisi kisu. Alidhani kwamba Muumba ameweka rehema hiyo kwa kila mnyama anayeuawa na mla nyama. Elimu ya mwili imempa haki kwa sehemu, kwani mwili uliopatwa na mshtuko mkubwa hutoa kemikali zake wenyewe za kufifisha maumivu.

Ushahidi huo, hata hivyo, una mipaka. Ni wa mtu aliyenusurika, na ambaye simba alimwachia mapema. Nyumbu anayekamatwa na simba hubanwa koo hadi pumzi imtoke. Anayekamatwa na fisi au mbwa mwitu huanza kuliwa kabla ya kufa. Na hakuna kemikali inayofuta mbio zilizotangulia, pale mnyama alipokuwa na akili zake zote na miguu inaanza kumwishia. Anayesema kwamba windo halipati shida anajifariji mwenyewe, na anayedhani kwamba kila kifo cha porini ni mateso ya muda mrefu naye amezidisha.

Muumba mwema angewezaje kuuweka uwindaji duniani?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo lililomkwaza Charles Darwin, mwanzilishi wa nadharia ya mageuko. Mei 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliwaumba kwa makusudi wale nyigu ili wale ndani ya miili ya viwavi walio hai, au kwamba alikusudia paka amchezee panya. Angalia hakumtaja simba. Kifo cha swala kinaweza kuonekana kama ajali ya dunia yenye njaa, ilhali nyigu ana ustadi mtupu: sindano ya kutagia, mabuu yenye kujua kipi cha kula kwanza. Ustadi huo ndio uliotumiwa siku zote kama dalili ya kuwapo kwa mbunifu, na hapa dalili ileile inageuka kuwa shitaka.

Jibu la kwanza husema kwamba hapo mwanzo haikuwa hivyo, na kwamba dhambi ya binadamu ndiyo iliyoharibu. Picha ya nabii Isaya ya mbwa mwitu kukaa pamoja na mwanakondoo huwafanya wengi wadhani kwamba inaeleza pia ulimwengu ulivyoanza. Cha kushangaza ni kwamba Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliikataa fikra hiyo. Aliona haina mantiki kusema kwamba simba na kipanga walikula majani kisha wakabadilika kwa sababu ya kosa la mwanadamu, kwani dhambi ya mtu haibadilishi tabia ya asili ya mnyama. Hakuwa na habari za Cloudina, ila mabaki ya kale yamekuja kumuunga mkono.

Jibu la pili ni la Aquinas mwenyewe: simba asingekuwa na uhai kama pasingekuwa na wanyama wa kuuawa, na ulimwengu wenye simba una ukamilifu ambao ulimwengu usio na simba hauna. Jibu hili lina heshima yake, lakini linamweka swala mahali pa ajabu. Ukamilifu ni wa ulimwengu mzima, ilhali gharama inakatwa kwenye shingo moja, na mwenye shingo hiyo hanufaiki na ukamilifu huo.

Jibu la tatu halijulikani sana nje ya vyuo vya dini. Katika theolojia ya Kiislamu, wafuasi wa shule ya Muutazila walishikilia kwamba haki ya Mungu inalazimu kila kiumbe aliyeumia pasipo kustahili alipwe fidia, wanyama wakiwemo, na wakajadili kwa uzito fidia hiyo italipwaje na wapi. Ipo pia hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba Siku ya Kiyama haki zitatolewa kwa wenyewe hata kondoo asiye na pembe alipiziwe kwa yule mwenye pembe. Shule nyingine za theolojia hazikukubali kwamba Mungu analazimika kwa lolote. Sijadili hapa nani aliye sahihi katika imani. Nasema tu kwamba kifalsafa, kati ya majibu haya matatu, ni la tatu pekee linalotaka deni lilipwe kwa yuleyule aliyeumia.

Na asiyeamini kwamba kuna Muumba? Shitaka linamwondokea, ila maumivu yanabaki mezani kwake. Mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer aliandika mwaka 1851 kwamba anayedhani raha za dunia zinazidi taabu zake alinganishe hisia za mnyama anayekula na hisia za yule anayeliwa. Mizani hiyo ina hila, kwa kuwa inaweka dakika za mwisho za mmoja upande mmoja na mlo mmoja upande wa pili, ikayaacha nje miezi na miaka ambayo windo lilikula, likacheza, likalala juani. Lakini Schopenhauer anaweza kujibu kwamba wengi hawaifikii miaka hiyo. Samaki wengi wa baharini hutaga mayai kwa mamilioni, na idadi yao ikiwa haipandi wala haishuki, basi kwa wastani ni wawili tu wa kila mama wanaokua hadi kuzaa. Wengine wote huliwa au hufa wakiwa wadogo. Kama samaki wachanga wana hisia, hesabu hiyo ni ya kutisha. Kama hawana, hofu inapungua sana. Kwa hiyo swali la kidini limetufikisha tena kwenye swali la ubongo.

Uwindaji hudumisha uwiano wa maumbile. Je, hilo halitoshi kuutetea?

Linaueleza, na maelezo yake yana nguvu. Mwaka 1944 reindia 29, ambao ni aina ya kulungu wa nchi za barafu, walipelekwa katika kisiwa cha St. Matthew kwenye Bahari ya Bering, mahali pasipokuwa na mbwa mwitu hata mmoja. Kufikia mwaka 1963 walikuwa kama 6,000. Uoto wa ardhini waliokuwa wakiutegemea ulikuwa umeliwa ukaisha, majira ya baridi yakaja kwa ukali, na ilipofika 1966 walihesabiwa 42. Maelfu yale walikufa bila meno ya mwindaji kuwagusa, na kifo cha njaa katika theluji huchukua siku nyingi kuliko cha kubanwa koo. Kwa hiyo anayewaza dunia bila wawindaji asidhani amewaza dunia bila mateso.

Mfano wa pili ni wa mwamba wa pwani ya Bahari ya Pasifiki, jimbo la Washington. Kuanzia 1963 mwanasayansi Robert Paine aliwaondoa viti vya pweza kwenye sehemu moja ya mwamba, akiwang'oa na kuwatupa baharini kwa mkono wake, akaiacha sehemu ya jirani kama ilivyokuwa. Kome, waliokuwa chakula cha viti vya pweza, walienea wakauziba mwamba, na spishi alizokuwa akizihesabu zikapungua kutoka 15 hadi 8. Mlaji mmoja alikuwa amewawekea nafasi viumbe ambao yeye mwenyewe hakuwagusa.

Hata hivyo kueleza si kutetea. Simba hamli swala ili kulinda majani, na swala hatoi shingo kwa ajili ya kizazi chake. Kundi halihisi kitu. Wanaohisi ni mnyama mmoja mmoja, na faida ya kundi haimrudii yule aliyeliwa. Neno “uwiano” nalo huahidi utulivu ambao mara nyingi haupo. Sungura wa misitu ya kaskazini mwa Amerika na linksi, paka mwitu anayewawinda, huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa karibu miaka kumi, na katika miaka ya upungufu linksi hufa kwa njaa. Mbwa mwitu walioangamizwa katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kufikia mwaka 1926 walirudishwa 1995 na 1996, na hadi leo wanasayansi wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko ya mimea ya huko kimetokana nao. Maumbile hayapimi kitu kama mfanyabiashara apimavyo. Hupanda na kushuka.

Ni kweli kwamba mwindaji ndiye aliyemchonga windo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mbio za swala, macho ya sungura yaliyo pembeni mwa kichwa yakaona karibu pande zote, masikio ya baadhi ya nondo yanayosikia sauti za popo zisizosikika kwetu: hivi vyote vingekuwa mzigo usio na kazi kama pasingekuwa na mlaji. Mwanafalsafa Holmes Rolston alilijengea hoja nzima jambo hili, akiona katika uwindaji njia ambayo kwayo thamani hupita kutoka uhai mmoja kwenda mwingine. Mimi namkubali hadi nusu ya njia. Swala mwenye mbio alirithi miguu kutoka kwa wale waliookoka, na waliomlipia ni wale waliokamatwa. Tunapoustaajabia mruko wake tusisahau kwamba tunatazama orodha ya majina ambayo nusu yake imefutwa.

Vipi paka anayechezea panya, au mwindaji anayeua kuliko anavyoweza kula?

Hapa watu wengi husema kwamba ukatili umejidhihirisha. Lakini kuwinda si tendo moja. Ni mlolongo wa kutafuta, kunyemelea, kurukia, kuua na kula, na kila hatua ina kichocheo chake. Paka aliyeshiba bado husisimkwa na kitu kidogo kinachokimbia. Kumrusha panya na kumpiga kwa ukucha kabla ya kumng'ata kunaweza pia kuwa tahadhari, kwa sababu panya aliye na nguvu huuma, na jeraha la usoni kwa mwindaji ni hatari. Mtafiti Hans Kruuk alieleza jinsi fisi wa Serengeti walivyowaua swala makumi kwa usiku mmoja wa giza na dhoruba, wakawala wachache tu. Swala hawakukimbia kama kawaida, na kichocheo cha kuua kikaendelea kugongwa.

Ukatili huhitaji mtu anayejua kwamba mwenzake anaumia na akaridhika kwa hilo. Paka hatupi dalili kwamba anaijua hali ya panya kutoka ndani. Sisi tunaijua, na ndiyo maana tukio hilohilo likifanywa na mtoto wa miaka kumi hutushtua kwa namna nyingine kabisa.

Kama porini mwenye nguvu ndiye anayekula, kwa nini iwe tofauti kwa binadamu?

Hoja hii ina umri mrefu. Mwanafalsafa Mgiriki Plato, katika moja ya maandishi yake ya mazungumzo, alimweka mhusika Callicles aitoe: tazameni wanyama, maumbile yenyewe yanaonyesha kwamba haki ni aliye bora kumtawala aliye dhaifu na kupata zaidi. Katika India ya kale kulikuwa na picha hiyohiyo, iliyoitwa sheria ya samaki, kwamba mkubwa humla mdogo. Lakini huko ilitumiwa kueleza balaa inayoipata nchi isiyo na mtawala. Picha moja, mafundisho mawili yanayopingana. Hilo pekee linaonyesha kwamba fundisho halimo ndani ya samaki, na mwanafalsafa David Hume alikuwa na jambo la namna hii akilini alipoonya kwamba kutoka kwenye “ndivyo ilivyo” huwezi kuruka hadi “ndivyo inavyopaswa” bila kueleza ulivyoruka. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, ila hayo ni mashauri kwa mnyonge ajiokoe, hayampi mwenye nguvu hati ya kupita.

Zaidi ya hayo, mfano wenyewe haulingani. Mwindaji na windo huwa kwa kawaida ni spishi mbili. Simba hawaishi kwa kula simba. Kilichopo kati ya simba na simba ni ushindani, mara nyingine wa kuua, pamoja na kulea na kuwinda kwa pamoja, jambo ambalo mwanafikra Mrusi Kropotkin alilisisitiza mwaka 1902 dhidi ya wale walioona mapambano tu kila mahali.

Ikiwa simba hula nyama bila kosa, mimi nikila nina kosa gani?

Huenda huna, lakini simba hawezi kuwa shahidi wako. Mwanasiasa na mwandishi Mmarekani Benjamin Franklin alisimulia kwamba katika ujana wake aliacha kula nyama na samaki. Safarini kutoka Boston, upepo ulipotulia, mabaharia wakavua samaki na kuwakaanga, na harufu ikamshinda. Alisitasita kati ya kanuni na tamaa hadi alipokumbuka kwamba samaki walipopasuliwa walikutwa na samaki wadogo tumboni. Akajiambia kwamba kama wao hulana, haoni kwa nini asiwale, akala kwa raha. Kisha akaongeza kwa dhihaka kwamba ni jambo la manufaa kuwa kiumbe mwenye akili, kwa kuwa akili hukupatia sababu ya lolote unalotaka kulifanya.

Udhaifu wa hoja yake aliufichua mwenyewe. Simba hana kosa kwa sababu hana chaguo wala tafakuri, na anayeuliza swali hili tayari anatafakari. Ulaji wa nyama unaweza kutetewa au kupingwa kwa hoja za lishe, za dini au za namna wanyama wanavyofugwa, ila hoja hizo zote zitatoka kwa watu.

Je, binadamu ana wajibu wa kuuzuia uwindaji porini?

Mwanafalsafa Jeff McMahan aliandika mwaka 2010 kwamba kama tungeweza kuuondoa uwindaji duniani bila kuleta madhara makubwa zaidi, tungekuwa na sababu ya kufanya hivyo. Wengi walicheka, lakini ni yeye anayemjibu yule mtoto mwenye bunduki: kutokuwa na hatia kwa mtendaji hakufuti maumivu ya anayetendewa. Martha Nussbaum naye hakubali kwamba kifo cha swala kitukuzwe kwa kuwa tu ni cha asili.

Kwa maoni yangu neno zito katika sentensi ya McMahan ni “kama”. Mtoto ukimnyang'anya bunduki anabaki mtoto, anacheza na kula. Simba ukimnyang'anya windo ni maiti, na kisiwa cha St. Matthew kinaonyesha kitakachowapata swala baadaye. Wajibu unaoshikika uko karibu zaidi nasi, pale ambapo mwindaji ameletwa na mkono wetu. Katika kisiwa cha Guam, nyoka wa mitini aliyefika huko kwa mizigo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia amewamaliza wengi wa ndege wa asili wa msituni, ambao hawakuwa na sababu yoyote katika historia yao ya kumwogopa nyoka wa namna hiyo. Paka wanaozurura Marekani wamekadiriwa kuua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka. Nyoka na paka hawana hatia hapa pia, ila safari hii hatia inaye mwenyewe.

Tungeyaonaje haya kama sisi ndio tungekuwa windo?

Yupo aliyeyaona. Februari 1985, mwanafalsafa wa Australia Val Plumwood alikuwa peke yake katika mtumbwi mdogo kwenye maji ya Kakadu, kaskazini mwa nchi yake, alipovamiwa na mamba wa maji ya chumvi. Alirukia mti uliokuwa ukingoni, mamba akamkamata katikati ya mapaja, akamvuta chini na kumzungusha majini. Alimwachia, akamkamata tena, akamzungusha mara ya pili na ya tatu. Mwishowe Plumwood alijikokota juu ya ukingo wa matope, mguu mmoja nyama zikiwa zimechanika, akatembea na kutambaa kwa saa nyingi hadi walipomkuta.

Aliandika baadaye kwamba katika dakika ile ya kwanza alipoyatazama macho ya mamba, akili yake ilikataa. Ilimwambia kwamba haiwezekani, kwamba dunia inayomwona yeye kama nyama tu si dunia ya kweli, kwa kuwa yeye ni zaidi ya chakula. Alichukua miaka mingi kukubali kwamba ni kweli yeye ni zaidi ya chakula, na kwamba ni kweli vilevile kuwa ni chakula, kama swala, ambaye naye ni zaidi ya chakula. Alipokuwa bado amelala chini na majeraha yake, waliomwokoa walizungumza juu ya kurudi mtoni kumpiga mamba risasi. Aliwakatalia. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeingia mahali pa mamba, na kwamba mamba hakuwa amefanya lolote la kulipiziwa.